Kiu ya Hepsy

Hepsy ilikuwa inavuja tangu siku Delfino Barboza alipoikanyaga mara ya kwanza, akiwa bado mchumba, viatu mkononi na roho juu. Ilikuwa mashua ndogo ya tanga moja, fupi na pana kama beseni, kama zilivyo mashua za kale za ghuba ya Wickett, ambako maji hayana kina na mchanga uko karibu. Mkuku wake, yaani uti wa mgongo wa chini, haukuzama sana. Badala yake ilikuwa na ubao mzito wa kushushwa na kupandishwa, ili upepo usiisukume kando. Ubao huo ulipita katika ufa wa sakafuni, na ufa ulizungushiwa kasha la mbao, jembamba na refu, lililosimama katikati ya mashua kama ukuta wa kugawa chumba. Pale kitako cha kasha kilipoukalia mkuku, ndipo maji yalipoingilia.

Constance alikaa upande wa kulia, kana ya usukani chini ya kwapa lake. Delfino alikaa kushoto, na kopo lililokatwa kutoka chupa ya dawa ya kufulia. Mmoja aliongoza, mwingine alifua maji, akiyachota na kuyamwaga nje. Juu ya kasha waliweka chupa ya kahawa na mkate wenye soseji, na wakitaka kupeana kitu walikipitisha juu ya kasha kama majirani wanaopeana chumvi juu ya ua.

"Siku moja nitaliziba hili," Delfino alikuwa akisema kila kiangazi.

"Ukiliziba wewe utakuwa na kazi gani humu?" Constance alimjibu. "Nitakuwa nimebeba mzigo tu. Fua maji, mume wangu, miguu yangu inaloa."

Basi akafua. Hakuwa mtu wa bahari. Babu yake alitoka visiwa vya Cape Verde akaja kuchuma kranberi mashambani, maili kadhaa kutoka pwani, na Delfino mwenyewe alitumia maisha yake chini ya mabasi ya shule, akitengeneza gia na breki. Bahari ilikuwa ya Constance. Mashua ilikuwa ya baba yake Constance, na jina lilikuwa la bibi yake. Hata boya walilofungia, jeupe lenye mkanda wa buluu, lilikuwa na jina la ukoo wao, NYE, ambalo Constance alilipaka rangi upya kila mwaka kabla hawajalirudisha majini.

Kila Aprili, wiki kadhaa kabla ya kushusha mashua, Constance aliingia bandani na magunia ya katani. Aliyalowesha, akayatandaza sakafuni mwa Hepsy na kulizungushia kasha kama mtu anayemfunika mgonjwa. Asubuhi alimwaga ndoo ya maji juu yake, na jioni nyingine.

"Hepsy ana kiu," alisema.

"Mwagilia, mwagilia," alisema Delfino mlangoni, kikombe mkononi. "Karibu itaota majani."

Alidhani ni mazoea tu, kama lile la mama mkwe wake la kugonga meza kabla ya kusafiri. Hakuwahi kuuliza, na Constance hakuwahi kueleza, kwa kuwa mtu haelezi kwa nini anampa mtoto maji.

Kiangazi kimoja Constance aliugua na Hepsy haikutoka bandani. Februari iliyofuata, barafu ikiwa imeshika kingo za ghuba, alifariki.

*

Joyce Pina, msimamizi wa bandari, alikuja mwanzoni mwa Juni. Alikuja kwa miguu, bila kofia yake ya kazi, amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Wali wa maharage," alisema. "Mama kasema usimrudishie bakuli likiwa tupu. Weka hata limau moja."

"Mwambie nashukuru. Keti."

"Siketi, mzee. Nikiketi nitashindwa kusema." Alitazama dirisha la jikoni. Kutoka pale lilionekana boya, peke yake, likiinama na kuinuka. "Nimekuja kwa ajili ya lile."

Delfino alikuwa anaijua kanuni. Pale Wickett kila mtu anaijua. Boya lisilo na chombo kiangazi kizima huchukuliwa na kupewa anayefuata, na wanaosubiri ni wengi kiasi kwamba wengine huandikisha watoto wao wangali wachanga.

"Mwaka jana nilifumba macho," alisema Joyce. "Mama Constance alikuwa mgonjwa, nani angefungua mdomo? Lakini mwaka huu, mzee wangu, watu wanahesabu maboya wakiwa madirishani mwao. Wameshaanza kuniuliza."

"Unataka nini kwangu?"

"Agosti ikianza napita kukagua. Nikute chombo pale. Na kiwe kinaelea, Mzee Del. Si kimefungwa tu huku kimelala chini kinywa wazi."

"Kitaelea."

"Nani atakusaidia?"

"Nilitengeneza mabasi hadi nikastaafu," alisema Delfino. "Siwezi kushindwa na sanduku la mbao."

Joyce alipoondoka, Delfino alisimama dirishani. Tangu liliporudishwa majini alikuwa na desturi ya kuosha sahani yake moja akilitazama lile boya. Alijaribu kuliwazia likiwa na jina jingine na chombo cha plastiki cha mtu wa mjini kikining'inia pale. Aliikausha sahani mara mbili bila kujua.

*

Alifunga mlango wa banda kwa ndani. Hakutaka watu wamwone akiwa na vitu vya Constance, wala wamwone akisimama bila kufanya lolote, jambo alilolifanya mara kwa mara siku zile.

Mashua ilikuwa imekaa kavu miaka miwili. Mwanga ulipita kati ya mbao, na kwenye kitako cha kasha aliweza kuingiza wembe. Aliliona tatizo kama ambavyo angeliona kwenye basi: kiungo kimelegea, kichafu, kimejazwa takataka laini. Akachukua msumari uliopindwa akazikokota pamba zote kuukuu na puti laini ya kuzibia aliyokuwa ameiweka Constance, mwaka juu ya mwaka, zikatoka kama utumbo wa kuku. Akapiga msasa. Kisha akawasha hita ya umeme, ile ndogo ya chumbani mwa Constance, akaiweka chini ya mashua ikae usiku na mchana, mpaka mbao zikalia zenyewe kwa ukavu.

Katika kazi ya chuma adui ni maji. Unakausha, unasafisha, unakaza. Ndivyo alivyojua. Alinunua gundi ya kuchanganya, ile inayoganda ikawa ngumu kuliko mbao yenyewe, akaijaza katika kila ufa wa kitako, akaisukuma ndani kwa kisu, akafuta pembezoni kwa uzuri. Kisha akazikaza nati za bolti zilizoshika kitako kwenye mkuku, akazikaza mpaka spana ikagoma.

Magunia ya Constance yalikuwa yamening'inia ukutani. Aliyasogeza ili yasishike moto wa hita.

Ilipokwisha, alimulika kwa tochi. Hata unywele usingepita. Alijikuta anasema kwa sauti, "Njoo uone," halafu akazima tochi, akakaa kidogo gizani.

*

Aliyemsaidia kuishusha alikuwa Everett Nye, binamu yake Constance, mchimba kome, mtu mrefu mwenye ndevu zilizonuka matope ya pwani mwaka mzima. Alileta pikapu, akafunga trela, wakashuka nayo taratibu hadi kwenye mteremko wa kushushia vyombo. Kabla hawajaisukuma majini, Everett aligonga ubavu wa mashua kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Shemeji, hii imekauka kama mkate wa juzi."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Ndivyo unavyotaka." Everett alipanda, akachungulia kwenye kasha. Alipitisha kidole kwenye kiungo. "Umeweka nini hapa?"

"Gundi."

"Gundi ya aina gani?"

"Ya kukaa."

Everett alishuka, akakifuta kidole kwenye suruali. "Haya," alisema. "Bahari ndiyo itakayotuambia."

Bahari haikusema kitu siku ile. Kwenye mbao za juu palipenya maji kidogo kama ilivyotarajiwa, Delfino akayafua, lakini kwenye kasha palikuwa pakavu kama meza. Alikaa upande wake wa kushoto, Everett akiivuta Hepsy kwa boti yake ya injini hadi kwenye boya, na njia nzima alikitazama kile kitako, na hakikutoa hata tone. Walipofunga kamba alitaka kucheka.

"Umeona?"

"Nimeona leo," alisema Everett.

Asubuhi aliamka mapema, akaweka kahawa jikoni, akaenda dirishani. Mlingoti ulikuwepo. Chini ya mlingoti palikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe, ukingo wa Hepsy, na ndani ya mstari huo maji, tulivu, yenye rangi ileile ya maji ya nje. Shakwe alikuwa ametua juu ya kasha.

*

Waliikokota maji yalipojaa, wakaiacha imelala kwenye mchanga ikitoa maji kila mahali. Everett alipiga magoti, akaonyesha kwa kidole. Mbao zilikuwa zimekunywa usiku kucha na kunenepa, kama mbao zinavyofanya. Gundi haikunenepa wala haikusogea. Kwa kuwa mbao hazikupata pa kwenda, zilikisukuma kitako chote kikainuka kutoka kwenye mkuku, na upande mmoja kikapasuka kwa urefu.

"Mbao ikinywa lazima ipate pa kukaa, shemeji," alisema Everett. "Ndiyo maana tunaweka pamba. Pamba inabanwa, inakubali. Wewe umeinyima nafasi hata ya kupumua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuta umeshamaliza! Na mbona hukuniita kabla?"

"Ulikuwa na kazi."

"Kazi gani? Kome wanakimbia?" Everett alisimama, akajipangusa magoti. Alikuwa karibu kucheka, akamwona Delfino uso wake ulivyo, akaacha. "Inatengenezeka. Constance amewahi kuitengeneza ikiwa na hali mbaya kuliko hii."

"Constance," alisema Delfino, akaenda kuitafuta kamba ya trela.

Walirudisha mashua bandani, na kwa siku nyingi baada ya hapo hakuufungua ule mlango. Alikula akiwa amesimama. Binti yao, Leonor, alipiga simu kutoka Denver.

"Baba, iuze. Au mpe Mjomba Everett."

"Kitako kimepasuka. Nani atanunua?"

"Basi mpe mtu aichome. Unajitesa bure. Wewe hata hupendi bahari."

"Ni kweli," alisema. "Hali ya hewa huko ikoje?"

Julai ikaingia na wageni wake. Ghuba ilijaa matanga na vicheko vilivyofika hadi jikoni kwake. Kila boya lilikuwa na chombo isipokuwa moja. Siku moja aliiona boti ya Joyce ikipita karibu na boya lile, ikapunguza mwendo, ikakaa pale kitambo, halafu ikaenda zake. Joyce hakutazama upande wa nyumba.

Siku hiyo jioni Delfino aliingia bandani ili alisafishe, aite mtu aje aichukue mashua. Alianza na magunia, maana hayo ndiyo yaliyokuwa ya kutupwa kwanza. Aliyatoa ukutani. Yalikuwa yamekauka yakiwa na mikunjo, na mikunjo ile haikuwa ya ovyo. Gunia moja lilisimama peke yake sakafuni kwa umbo la kasha, lenye pembe na urefu wake, kwa jinsi lilivyolizungukia kasha kila Aprili tangu kabla yeye hajamjua Constance.

Alilishika kwa muda. Halafu akaitazama ndoo.

Hakuwa mjinga; alikuwa mtu wa chuma tu. Miaka yote ile alisimama pale mlangoni akinywa kahawa, na jibu la swali ambalo hakuliuliza lilikuwa likimwagika mbele ya macho yake asubuhi na jioni. Hepsy ana kiu. Constance alikuwa akiinywesha mashua taratibu, gunia kwa gunia, ili inenepe nchi kavu polepole na isifike baharini na kiu yote ile kwa mkupuo. Kisha bahari ilimalizia palipobaki.

Aliliweka gunia lile juu ya kasha lililopasuka. Likakaa barabara.

Asubuhi alitembea hadi kwa Everett. Alimkuta anachambua kome kwenye karai.

"Una mti wa mwaloni?" aliuliza Delfino.

"Wa kuchoma nyama au wa kutengeneza kitako?"

"Wa kitako."

"Ninao tangu wiki iliyopita," alisema Everett. "Nilikuwa nangoja uniombe. Sisi ukoo wa Nye hatupeleki mbao mahali ambapo hatujaitwa."

*

Waliling'oa kasha zima. Gundi ilitolewa kwa kifaa cha kupuliza hewa ya moto na patasi, chembe kwa chembe, na ilichukua muda mrefu kuliko kuiweka. Delfino alifanya kazi hiyo peke yake kwa sababu aliona ni yake. Everett alichonga kitako kipya kutoka kwenye mwaloni, akakilinganisha na mkuku kwa kupaka chaki na kupunguza palipogusa, akapaka tena, akapunguza tena, huku akipiga domo.

"Ukilala kwa muda mrefu pembeni ya kazi ya mtu, unadhani unaijua," alisema. "Mimi mke wangu alioka mikate miaka yote. Alipokwenda kumwangalia dada yake, nikaoka mmoja. Tuliuzikia nyuma ya nyumba. Mbwa aliufukua, akaurudisha shimoni."

Delfino alicheka. Ilikuwa sauti ngeni bandani mle.

Waliweka puti laini isiyoganda, kisha uzi wa pamba, wakaugongea kwa patasi butu na nyundo ya mti. Everett alimpa Delfino nyundo.

"Gonga. Polepole. Usiijaze yote. Hapo. Mlio umebadilika, umesikia? Umefika."

Ikaja zamu ya bolti. Nati zilikuwa juu ya kitako, kwa ndani, na mkono wa Delfino ulishika spana kwa raha, kama mtu aliyerudi nyumbani. Akakaza. Akaanza kukaza tena.

"Acha," alisema Everett.

"Bado inazunguka."

"Acha hivyo hivyo. Hujaipa maji bado. Ikishakunywa, ndipo utaona kama inahitaji zaidi."

Kuacha nati inayozunguka bado lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya kiangazi kile. Mkono ulibaki pale peke yake, ukingoja ruhusa. Kisha akaiweka spana mfukoni.

Siku zilizofuata alilowesha magunia. Aliyatandaza sakafuni, akalizungushia kasha, lile lenye umbo lake likaenda mahali pake lenyewe. Alimwaga ndoo asubuhi. Alimwaga nyingine jioni. Hakusema maneno ya Constance, maana hakuwa na sauti ya kuyasemea. Alimwaga tu.

Iliyobaki ilikuwa ile kazi ambayo watu wa Wickett huifanyia mashua iliyokauka sana, na ambayo Delfino aliwahi kuiona kwa wengine akadhani ni wazimu. Maji yalipokupwa, waliilaza Hepsy kwenye tope kando ya mteremko, wakaifunga kwa kamba nne, wakang'oa kizibo cha chini. Halafu wakaacha maji yaje.

Yalikuja taratibu. Yalipanda kupitia tundu la kizibo, yakapanda ndani ya kasha, yakafunika sakafu, viti, mpaka ukingo tu ukabaki. Delfino alikuwa ameiona mara moja katika hali hiyo, na safari hii aliizamisha mwenyewe. Everett alikwenda kuchimba kome. Yeye akakaa kwenye jiwe, hakuweza kuiacha peke yake.

Watu walipita na watoto na mbwa.

"Mzee, mashua yako imezama," alisema mgeni mmoja.

"Najua."

"Unataka tumwite mtu?"

"Hapana. Inakunywa."

Mgeni alimtazama, akamtazama mkewe, wakaendelea na safari yao kwa hatua za haraka kidogo.

Siku kadhaa maji yaliijaza na kuiacha, yakaijaza na kuiacha. Kila yalipokupwa, Hepsy ilimwaga kile ilichokuwa imemeza kupitia tundu lile, na kila mara kwenye mbao zake palitoka kidogo kuliko jana. Delfino alikaa kwenye jiwe na kahawa yake. Alileta chupa ileile. Hakuwa na wa kumpitishia, akaiweka kati ya miguu.

*

Siku ambayo Joyce alikuja kukagua, Hepsy ilikuwa imerudishiwa kizibo na imeshakaa kwenye boya siku tatu. Delfino hakutoka nje. Alisimama dirishani na kitambaa cha sahani. Aliona boti ya Joyce ikisogea, Joyce akishika ukingo wa Hepsy kwa mkono, akiinama, akichungulia ndani kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha aligeuka kuielekea nyumba ya Delfino, na safari hii alivua kofia yake akaipunga.

Alasiri, upepo ulipotulia ukawa wa kubembeleza, Delfino alipiga makasia katika kidau hadi kwenye boya. Everett alikuwa amemshauri. "Ukienda peke yako jaza gunia mchanga, uliweke upande wa pili. Vinginevyo mashua itakulalia." Basi alikuwa amejaza gunia moja la Constance, mchanga wa pale pale ufukweni, akalishona mdomo.

Alipanda, na kwa mazoea miguu yake ikampeleka kushoto. Akakaa. Akachukua kopo, akainua ubao wa sakafu.

Palikuwa pakavu.

Alikaa pale na kopo mkononi. Mbele yake palikuwa na kasha, na upande wa pili wa kasha palikuwa na nafasi ya mtu, na kana ikicheza kidogo huku na huko kwa mawimbi madogo. Alingoja, bila kujua anangoja nini. Hakuna aliyelalamika kuhusu miguu. Boti za wengine zilipita kwa mbali. Baada ya muda alilinyanyua gunia la mchanga, akaliweka mahali alipokuwa amekaa yeye maisha yake yote ya ndoa, akavuka kasha akaenda kulia.

Hakuna aliyewahi kumfundisha. Lakini alikuwa amemtazama Constance, mchana baada ya mchana, alipokuwa akiinua uso kutoka kwenye maji ya kufua. Na kumbe mkono wake ulikuwa umetazama pia. Akapandisha tanga. Akashusha ubao wa kasha, ukagonga chini kwa mlio aliouzoea. Akafungua kamba ya boya. Hepsy ikainama kidogo, ikafikiri, ikaenda.

Tanga liliposhika upepo vizuri na ubao ukaanza kufanya kazi, kasha lililia. Delfino alitazama chini. Kwenye kiungo kipya, karibu na bolti ya kati, uzi mwembamba wa maji ulikuwa unang'aa.

Aliutazama. Kopo lilikuwa limelala karibu na gunia, nalo likimtazama. Angeweza kuuacha, ule uzi wa maji. Kwa muda mfupi aliona jinsi ingekuwa: kana mkono mmoja, kopo mkono wa pili, kila kiangazi, mpaka mwisho wake.

Akatoa spana mfukoni. Akabana kana kwa kwapa, akainama, akaizungusha nati robo. Uzi wa maji ukasita. Akaongeza kidogo sana, akahisi mbao ikijibu, akaacha. Akafuta kiungo kwa kidole gumba. Hakikulowa tena.

Hakufika mbali. Alikwenda hadi boya la mwisho la ghuba, akageuza kwa kelele nyingi na aibu kidogo, akarudi. Kulishika boya kulimchukua majaribio kadhaa. Kutoka ufukweni, Everett, aliyekuwa amejifanya anachimba kome mahali pasipo na kome, alipaza sauti: "Lipigie simu, shemeji, labda litakuja."

Alifunga kamba. Akakunja tanga kama Constance alivyolikunja, kutoka tezi, upande wa nyuma, kuelekea omo. Jua lilikuwa limepiga mchana kutwa, na mbao za juu, zile zisizofikiwa na bahari, zilikuwa za moto chini ya kiganja chake, zimeanza kufunguka kidogo kwenye viungo.

Akalichukua kopo. Miaka yote ile alikuwa amechota maji ndani ya mashua na kuyamwaga baharini. Aliinama nje ya ukingo, akachota baharini, akaanza kumwagia ndani, polepole, kwenye mbao za kulia, kisha za kushoto, juu ya kasha, juu ya gunia. Maji yaliingia kwenye mbao yakapotea.

"Kunywa," alisema.

Akachota tena.